Taa ya mbele kushoto imefifia, ya bluu kwenye dashibodi inawaka kwa mbali. Msaada wakuu

#1 MwalimuBuhongwa
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada wenye kujua umeme wa gari. Nina Corolla 110, balbu zake ni zile H4 za miguu mitatu. Nakaa Buhongwa hapa Mwanza, nafundisha jiografia upande wa Sengerema. Enzi za kivuko ukichelewa ulikuwa unalala ng'ambo na yanaisha, ila toka daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 narudi nyumbani kila siku, na mara nyingi giza linanikuta kabla sijafika Usagara.

Taa ya kulia inapiga vizuri. Ya kushoto ni ya njano, imefifia kama kibatari, dimu (mwanga wa chini) na fulu (mwanga wa mbali) zote. Juzi natokea Busisi kulikuwa na baiskeli upande wa kushoto imebeba magunia mawili ya mkaa, haina hata kipande cha kiakisi, nimekuja kuiona ikiwa hatua chache tu toka kwenye bampa. Nilikata usukani, namshukuru Mungu mbele hakukuwa na gari linakuja, lakini mikono ilitetemeka mpaka nafika nyumbani.

Nimeshabadilisha balbu, ya kulia nikaipeleka kushoto na ya kushoto kulia, ufifi umebaki kulekule kushoto. Fyuzi nimeziangalia kwa macho ni nzima. Fundi mmoja kasema oltaneta, ile inayochaji betri, mwingine kasema tung'oe fungu zima la waya tuweke jipya, bei aliyotaja nikawasha gari nikaondoka.

Kingine, sijui kama kinahusiana, nikiwa kwenye dimu ile taa ya bluu ya fulu kwenye dashibodi nayo inawaka kwa mbaaali, mchana huwezi kuiona kabisa. Nina multimita ya elfu 15, nielekezeni nipime mwenyewe hapa nyumbani.

#2 Pasiansi_One
Pole sana mwalimu. Hiyo ni ethi, yaani pale hasi inapofungwa kwenye bodi, usisumbuke. Fungua bolti ya ethi iliyo karibu na taa ya kushoto, piga msasa bodi mpaka chuma kiwe cheupe, rudisha, paka grisi juu. Noah yangu ilipona hivyohivyo, dakika kumi tu.

#3 Ngosha_Igoma
Mwadila wakuu. Aliyesema oltaneta kakosea, taa zote mbili zinakula sufuria moja, ingekuwa oltaneta na ya kulia ingefifia. Mimi nasema rilei, ile swichi ya umeme inayowasha taa.

#4 dereva_wa_noah
@Ngosha rilei si ni moja kwa taa zote mbili? Kwa hoja yako mwenyewe hapo juu rilei nayo inatoka.

#5 Ngosha_Igoma
Gari zingine zina rilei mbili kaka. Ila nimekuelewa.

#6 Mtoto_wa_Kigamboni
Nyie mnaokaa ufukweni mna tabu moja na sisi wa huku Dar, hiyo ni chumvi. Upepo wa maji unaleta chumvi inakula shaba ndani ya plastiki, waya nje unauona mzima, ukiuchuna ndani umegeuka unga wa kijani. Mimi nilikata karibu nusu mita ndio nikakuta shaba inayong'aa.

#7 MwalimuBuhongwa
@Mtoto_wa_Kigamboni asante, ila hapo kwenye chumvi nikurekebishe, ndio kazi yangu. Ziwa Victoria ni maji baridi, tunayanywa na tunapikia, upepo wake hauna chumvi ya bahari. Unyevu sawa upo, hasa asubuhi, ila chumvi hapana.

#8 Kapteni_Busisi
Mwalimu yuko sahihi kuhusu ziwa, ila usiitupe chumvi haraka. Gari lako limeanzia wapi maisha? Hizi za Japani nyingine zimekaa mikoa ya kaskazini kule Hokkaido, barabara zao wakati wa theluji zinamwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Gari linafika hapa rangi inang'aa, ukilala chini unakuta kutu imekula mpaka bolti. Angalia uvunguni kwanza.

#9 MamaKulwa_Kirumba
Mimi kwangu walikuwa panya. Nauza dagaa pale Kirumba, gari linalala na harufu ya mzigo, panya wakahamia chini ya boneti wakatafuna waya wa taa na mpira wa maji ya kuoshea kioo. Nilikuta na kiota, wameweka na matambara. Mwalimu fungua uangalie vinyesi vyao pale nyuma ya betri.

#10 Doto_Mz
Tafuta ile karatasi ya fedha ya kwenye pakiti ya sigara, zungushia fyuzi ya taa, umeme utapita mwingi na taa itawaka. Mimi nimetembea nayo miezi.

#11 MamaKulwa_Kirumba
@Doto_Mz hapana mwanangu, usimwambie mtu hivyo. Mdogo wangu pikapu yake iliungua njia ya Misungwi kwa sababu ya karatasi hiyohiyo. Waya ulipata shoti, fyuzi ikashindwa kukatika kwa kuwa haikuwa fyuzi tena, waya ukawaka kutoka taani mpaka kwenye dashibodi. Yeye alitoka, mzigo wote wa nyanya ukabaki humo. Itoe leo hii.

#12 Doto_Mz
Nimekusikia mama. Kesho asubuhi naitoa.

#13 FundiMayu
Habarini. Mimi ni fundi umeme wa magari, niko Nyakato. Nimesoma uzi wote. Mleta uzi ameandika jambo kubwa mwishoni na hakuna aliyeligusa, ile taa ya bluu inayowaka kwa mbali.

Nieleze taratibu. Toyota nyingi za miaka ya 90 taa zake za mbele hazikufungwa kama mnavyodhani. Chanya inatoka kwenye rilei, inagawanyika kwenye fyuzi mbili, moja ya taa ya kushoto na moja ya kulia, kisha inakwenda moja kwa moja kwenye mguu mmoja wa balbu, tuuite mguu wa pamoja. Miguu miwili iliyobaki, wa dimu na wa fulu, inarudi kwenye swichi ya usukani, na swichi ndiyo inayoipelekea hasi. Kwa hiyo @Pasiansi_One taa yenyewe haina bolti yake ya ethi pale kwenye bodi. Ethi ni ya swichi, nayo inahudumia taa zote mbili, ingekuwa mbovu zingefifia zote.

Sasa ile bluu. Chanya ya kushoto ikiwa dhaifu, umeme wa taa ya kulia unatafuta njia ya mzunguko, unapita kwenye waya wa fulu wa balbu ya kulia, unaingia waya wa fulu wa balbu ya kushoto, unatokea dimu ya kushoto na kwenda kwenye swichi. Njiani unaigusa na taa ya bluu. Ndiyo maana inawaka kwa mbali. Mara nyingi gari likija na dalili hiyo huwa ni fyuzi ya upande mmoja imekatika, au chanya ya upande huo inafika imechoka. Usiiangalie fyuzi kwa macho, inaweza kuwa na ufa mwembamba kama unywele. Ichomoe uipime.

#14 Pasiansi_One
Sasa kaka mbona Noah yangu ilipona kwa kusafisha ethi?

#15 FundiMayu
Mimi ni dada, jina langu hapo juu linasema, mayu kwa Kisukuma ni mama. Noah yako inawezekana imefungwa tofauti, au ulipokuwa unavuta waya uligusa konekta iliyolegea ikakaa sawa. Siwezi kuisemea bila kuipima.

#16 Pasiansi_One
Samahani dada, nimepokea.

#17 MwalimuBuhongwa
Dada asante sana, huu ndio msaada. Fyuzi nimezichomoa, zote mbili zimeandikwa 15, mita inalia zote. Halafu nimechomoa soketi ya taa ya kushoto, nikawasha taa, nikapima mguu wa pamoja kwenda hasi ya betri, gari likiwa linaunguruma nimepata volti 13.9. Betri yenyewe 14.1. Kwa hiyo chanya inafika vizuri au?

#18 Doto_Mz
Inafika. Basi waya ni mzima, balbu ulizonunua ni feki.

#19 dereva_wa_noah
Doto mwalimu amesema kwenye namba 1 kuwa alibadilishana balbu na ufifi ukabaki kushoto. Soma uzi mdogo wangu 😀

#20 FundiMayu
Kipimo hicho kinadanganya mafundi wengi na si kosa lako mwalimu. Chukua mpira wa kumwagilia bustani, uukanyage katikati. Ukiwa umeziba mdomoni kwa kidole, msukumo unaousikia kidoleni ni uleule, utasema mpira mzima. Ondoa kidole maji yatoke, ndipo utaona yanachuruzika. Umeme hivyohivyo, bila balbu hakuna kinachopita, volti zote zinaonekana.

Rudisha soketi kwenye balbu, washa dimu, gari liungurume. Mchomo mwekundu wa mita weka kwenye kichwa cha chanya cha betri, mweusi weka kwenye mguu wa pamoja wa balbu ya kushoto ikiwa inawaka. Utakachosoma ni volti zinazopotea njiani. Nusu volti hivi navumilia kwa gari la umri huo. Fanya na upande wa hasi, toka mguu wa dimu hadi hasi ya betri. Kisha rudia taa ya kulia ili uwe na cha kulinganisha. Miguu ya H4 ni mifupi, vuta soketi nyuma kidogo tu upate nafasi ya mchomo, usiiache ikagusana na bodi.

#21 Mzee_wa_Misungwi
Nimeweka kiti hapa. Nimemiliki magari toka enzi za Peugeot 504 na hiki cha mpira wa maji sijawahi kuelezwa na fundi yeyote. Mayu Mungu akubariki.

#22 MwalimuBuhongwa
Nimepima, mke wangu kashika tochi. Kushoto, upande wa chanya zinapotea volti 3.4, upande wa hasi 0.5. Kulia, chanya 0.5 na hasi 0.5. Yaani balbu ya kushoto inakula volti 10.2 na mwenzake 13.1.

#23 Kapteni_Busisi
Hapo umemkamata. Na watu wajue mwanga haushuki sawasawa na volti, unashuka kwa kasi zaidi. Kwa 10.2 hiyo balbu inatoa chini ya nusu ya mwanga wa mwenzake. Baiskeli ya mkaa ungeionaje.

#24 Ngosha_Igoma
Basi ni soketi. Chomoa uangalie, lazima imeungua.

#25 MwalimuBuhongwa
@Ngosha nimechomoa, kweli. Plastiki kwenye mguu wa pamoja imebadilika rangi imekuwa ya kahawia, imevimba kidogo kama ugali uliokaribia kuungua pembeni. Kile kibati cha ndani kinachoshika mguu wa balbu kimefunguka, nikikirudisha hakibani, balbu inaingia na kutoka bila kukaza. Ya kulia ukiichomoa unatumia nguvu.

#26 Ngosha_Igoma
Nilisema! Mwenye gari wa kwanza aliweka balbu za wati 100. Ndio ugonjwa wa soketi zote za Mwanza, watu wanataka taa ya kumulika mpaka Magu.

#27 dereva_wa_noah
Hesabu inakubali. H4 ya kawaida ni wati 55 dimu na 60 fulu, kwa volti 12 dimu ni kama ampea 4.6. Ukiweka ya wati 100 kwenye fulu inavuta 8.3. Waya uleule, kibati kilekile, joto linapanda sana.

#28 Mtoto_wa_Kigamboni
Ingekuwa wati 100 zote mbili zingeungua, kwanini ya kulia ni nzima? Hapo kuna unyevu umeingia kushoto, kibati kikapata kutu, kutu ikaleta joto, joto likakifungua. Joto ni tokeo, si chanzo.

#29 Pasiansi_One
Hao waosha magari wanaofungua boneti na kupiga presha ya maji je? Kwenye gari nyingine tangi la maji ya kuoshea kioo liko kushoto, wakijaza wanamwaga. Mimi siruhusu mtu kuosha injini yangu kwa presha.

#30 MamaKulwa_Kirumba
Na panya msiwasahau.

#31 FundiMayu
Msikimbilie kufunga kesi. Soketi ni mbovu, nakubali, ila mwalimu nipimie kitu kimoja. Ulipima kwenye mguu wa balbu. Sasa pima nyuma ya soketi, ingiza sindano kando ya waya pale unapoingilia mpaka iguse kibati, taa ikiwa inawaka. Kisha pima na pale kwenye sanduku la fyuzi, upande wa kutokea wa fyuzi ya kushoto. Nataka nijue soketi inakula ngapi na waya unakula ngapi.

#32 Ukerewe_Huru
Samahani kwa kuingilia, mimi tatizo langu ni wale wadudu wa ziwani. Wakipanda jioni wanajaa kwenye vioo vya taa mpaka mwanga unakuwa wa kijivu, na ukiwafuta kikavu mafuta yao yanasambaa. Mnatumia nini?

#33 Mzee_wa_Misungwi
Maji na sabuni ya kuoshea vyombo, loweka kwanza dakika mbili. Usikwangue.

#34 Kapteni_Busisi
Na kama kioo cha plastiki kimekuwa cha njano sio wadudu hao, ni jua. Msasa laini kabisa na maji.

#35 MwalimuBuhongwa
Turudi kwangu jamani. Kwenye sanduku la fyuzi zimepotea 0.3 tu. Nyuma ya soketi 1.5. Kwenye mguu wa balbu ni ileile 3.4.

#36 FundiMayu
Asante, umefanya kazi safi kuliko wengi wanaoniletea magari. Kwa hiyo una maradhi mawili. Soketi peke yake inakula 1.9. Toka sanduku la fyuzi mpaka nyuma ya soketi waya unakula 1.2, na hapo soketi mpya haitakusaidia. Nunua soketi ya H4 ya kauri yenye waya wake mnene, usiunge kwa kusokota na tepu, unga kwa risasi kisha vika mpira unaosinyaa kwa moto. Chomoa hasi ya betri kabla hujaanza. Kisha utuambie.

#37 Ngosha_Igoma
Mimi ningeachana na huo waya wa zamani. Weka rilei yako, mguu wake namba 30 unatoka betri kupitia fyuzi yake, 87 unakwenda taa, 85 na 86 inaamshwa na waya wa zamani. Taa zinakuwa kama mpya.

#38 FundiMayu
@Ngosha_Igoma njia nzuri, ila kwenye gari hili kumbuka swichi inakata hasi. Ukiifunga rilei kama tulivyozoea, mguu mmoja ukiupeleka bodi, haitaamka. Coil, ile sumaku ya ndani ya rilei kwenye 85 na 86, lazima ipate chanya toka mguu wa pamoja na hasi toka mguu wa dimu. Nimekuta magari matatu mwaka huu yamefungwa kinyume, dimu na fulu zinawaka pamoja muda wote.

#39 Doto_Mz
Mimi nimeshatoa ile karatasi. Fyuzi ilikuwa nyeusi upande mmoja. Asanteni.

#40 MwalimuBuhongwa
Mrejesho. Soketi mpya nimefunga jana jioni, nimeunga kwa risasi kama alivyoelekeza dada. Balbu ya kushoto sasa inapata 11.9. Imekuwa nyeupe, jana nimerudi kutoka Sengerema naona ukingo wa lami upande wa kushoto mpaka kwenye majani, kitu nilichokuwa nimesahau. Lakini bado iko nyuma ya kulia. Na ile bluu ilizima kabisa, ila asubuhi hii ilivyonyesha mvua imerudi kuwaka kwa mbali.

#41 Mtoto_wa_Kigamboni
Mvua! Nilisema unyevu.

#42 Kapteni_Busisi
Unyevu unaingia kwa sababu kuna mahali pamefunguka. Kutu ya Hokkaido, narudia.

#43 MamaKulwa_Kirumba
Pamefunguka kwa meno.

#44 MwalimuBuhongwa
Nimefuata waya kwa mkono toka sanduku la fyuzi. Nyuma ya betri unaingia ndani ya fenda ya kushoto, kabla ya kuzama nimekuta fundo la tepu nyeusi ambalo halikutoka kiwandani, tepu imelainika inanata vidoleni. Ndani yake waya wa taa umechunwa na waya mwingine mwekundu mwembamba umesokotewa hapo, unakwenda ndani ya gari, mwisho wake sijauona. Shaba yake ni ya kijani. Kuna na alama ndogo kwenye plastiki kama mikwaruzo, kama ni meno au ni kisu cha fundi siwezi kusema.

#45 dereva_wa_noah
Huo mwekundu ni alamu ya zamani au taa za ukungu zilizoondolewa.

#46 Ngosha_Igoma
Au redio. Watu wanaiba umeme popote.

#47 FundiMayu
Mwalimu usiukate huo mwekundu kabla hujajua mwisho wake. Uchomoe kwenye fundo, uvike tepu ukae pembeni, kisha washa kila kitu kwenye gari uone kipi kimekufa. Lile fundo kata mpaka shaba ing'ae, unga kwa risasi. Halafu pima tena toka sanduku la fyuzi mpaka nyuma ya soketi. Ikibaki zaidi ya 0.3, kuna kingine ndani ya fenda, na mimi hapo nashuku konekta.

#48 MwalimuBuhongwa
Jumamosi naifanya yote. Huko ndani ya fenda naingilia juu au chini?

#49 FundiMayu
Chini. Piga jeki, weka jiwe au kigogo chini ya chesisi usiitegemee jeki peke yake, vua tairi la mbele kushoto. Kuna plastiki nyeusi imeshikwa na pini, kila pini ina kichwa katikati, kivute hicho kwanza ndipo utoe pini nzima. Ukiilazimisha inavunjika, na plastiki ikining'inia itakuwa inasugua tairi ukipiga kona.

#50 Mzee_wa_Misungwi
Mwalimu, Jumamosi niko Buhongwa kwa mwanangu. Nitumie ujumbe, nije nikushikie tochi.